SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: Bima ya Afya kwa Wazee na Majira ya Kujiandikisha

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husikika mara nyingi katika mikutano ya vyama vya msingi inapojadiliwa habari ya mizani mibovu, ghala linalovuja au deni la pembejeo lisilolipwa. Ni nadra kusikika inapotajwa afya ya wazee, ijapokuwa hapo nako ufa upo. Daftari za vyama vya Tarime na Serengeti zina majina ya watu walioanza kuuza kahawa au tumbaku wakiwa vijana wenye nguvu, na ambao leo ni babu na bibi. Watu hao ndio waliokijenga chama. Ndio pia wanaougua mara nyingi zaidi, na ndio wanaochelewa zaidi kujiandikisha katika bima ya afya.

Kuchelewa huko hakutokani na ukaidi. Mara nyingi hutokana na kutofahamu jambo moja, yaani kwamba bima ina majira yake kama shamba lilivyo na majira yake. Apandaye mbegu baada ya mvua kukatika havuni, hata kama mbegu yake ni bora na fedha yake ni halali.

KUSUDI LA SOMO

Baada ya kulisoma na kulijadili somo hili, katibu na mwanachama waweze:

(a) kueleza kwa nini bima ya afya huwa na vipindi maalumu;
(b) kutofautisha kipindi cha kujiandikisha, cha kungojea, cha kadi kuwa hai na cha kuhuisha;
(c) kutambua njia zilizo wazi kwa mzee wa Mkoa wa Mara;
(d) kupanga kalenda ya chama ili mzee asikutwe na ugonjwa kadi yake ikiwa imekwisha.

1. BIMA NI USHIRIKA

Mwanaushirika hana haja ya kufundishwa upya maana ya bima. Watu wengi huweka kidogo kidogo katika chungu kimoja, na yule aliyefikwa na shida huchota. Mwaka huu huchota jirani, mwaka ujao huchota mwingine. Asiyechota hajapunjwa, kwa maana amepata usalama, na usalama nao ni mali.

Ili jambo hili lionekane wazi, ichukuliwe hesabu ya mfano. Kijiji kina kaya 200, na kila kaya inatoa Sh. 30,000 kwa mwaka. Chungu kina Sh. 6,000,000. Katika mwaka huo kaya 20 zinapatwa na maradhi makubwa, na kila moja inahitaji matibabu ya Sh. 150,000. Jumla ya matumizi ni Sh. 3,000,000. Chungu kimetosha, na kilichobaki kitalipia maradhi madogo ya kaya nyingine.

Sasa kaya 180 zenye afya zikisema, "Sisi tutalipa tutakapougua," zitakazolipa ni zile 20 zilizokwisha kuugua. Chungu kitakuwa na Sh. 600,000, na matumizi yatabaki yale yale Sh. 3,000,000. Upungufu ni Sh. 2,400,000. Mfuko umekufa katika mwaka wake wa kwanza, na hakuna aliyeiba hata senti moja.

Hii ndiyo asili ya vipindi vya kujiandikisha. Waendeshaji wa mifuko huweka muda maalumu, au siku za kungojea, au sharti la kuandikisha kundi zima kwa pamoja, ili watu wasingoje mpaka homa iwapande. Msomaji asiyaone masharti hayo kuwa ni usumbufu wa ofisini. Yanafanana na masharti ya chama yanayomtaka mwanachama alipe hisa zake kabla ya kugawiwa faida, wala si baada ya kusikia kwamba faida imepatikana.

2. HISTORIA FUPI

Wazee wengi wanakumbuka miaka ambayo matibabu katika hospitali za Serikali yalitolewa bila malipo. Utaratibu wa wananchi kuchangia gharama ulianza mwaka 1993. Katikati ya miaka hiyo ya 1990 Serikali ilianza kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii katika Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora, ambapo kaya ilitoa mchango wa mwaka mara moja na kutibiwa bila kulipa kila siku. Sheria ya Mfuko huo ilitungwa mwaka 2001.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 3. Mkulima, ambaye hana mshahara wala mwajiri, alibaki katika Mfuko wa Afya ya Jamii.

Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii uliboreshwa. Mchango wa kaya ya watu wasiozidi sita uliwekwa kuwa Sh. 30,000 kwa mwaka katika mikoa, isipokuwa Dar es Salaam. Jambo kubwa lililoongezwa ni kwamba mwanachama hakufungwa tena katika zahanati moja. Kwa kufuata rufaa aliweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Katika miaka hiyo hiyo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya pamoja na Tume ya Maendeleo ya Ushirika walianzisha mpango ulioitwa Ushirika Afya kwa ajili ya wakulima walio katika vyama. Mpango huo ulipotangazwa, mchango wa mtu mzima ulikuwa Sh. 76,800 kwa mwaka, yaani Sh. 6,400 kwa mwezi.

Mwezi Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hiyo imebadili msingi wenyewe. Zamani kujiunga kulikuwa hiari ya mkulima. Chini ya Sheria mpya kila mkazi anatakiwa awe katika mpango wa bima, na wasio na uwezo wagharimiwe kwa utaratibu wa Serikali. Kwa kuwa viwango na huduma sasa hupangwa chini ya Sheria hiyo, takwimu za mwaka 2018 zilizotajwa hapa ni za kujifunzia hesabu. Kabla ya kukusanya hata shilingi moja, katibu apate kiwango kinachotumika kwa maandishi kutoka ofisi ya halmashauri au ya Mfuko.

3. VIPINDI VINNE

Neno "muda wa bima" hutumiwa ovyo, na hapo ndipo wazee wengi hupotea. Vipindi ni vinne, na kila kimoja kina kazi yake.

Kipindi cha kujiandikisha. Huu ni muda ambao mlango uko wazi kwa mtu kuandika jina, kupigwa picha, kutaja wategemezi na kulipa. Katika mipango mingine mlango huwa wazi mwaka mzima. Katika mingine, hasa ile ya vikundi, hufunguliwa kwa majuma machache na kufungwa.

Kipindi cha kungojea. Kulipa leo si lazima kuwe kutibiwa leo. Mpango unaweza kuweka siku kadhaa kati ya malipo na kadi kuanza kazi. Swali la kwanza la katibu kwa mwandikishaji liwe hili: "Kadi hii itaanza kutumika tarehe gani?" Tarehe hiyo iandikwe katika daftari siku hiyo hiyo.

Kipindi cha kadi kuwa hai. Mara nyingi ni mwaka mmoja. Lakini mwaka huo si lazima uanze Januari. Aliyejiunga tarehe 10 Agosti, mwaka wake hukoma Agosti ya mwaka ufuatao, wala haungoji Krismasi.

Kipindi cha kuhuisha. Huu ni muda wa kulipia mwaka mwingine kabla ule wa kwanza haujakwisha. Anayehuisha mapema hapotezi kitu. Anayeacha kadi ife huenda akahesabiwa kuwa mgeni, na akaanza tena kungojea.

4. NCHI NYINGINE ZIFANYAVYO

Si Mara peke yake inayofundisha wazee wake habari ya majira. Nchini Marekani iko bima ya Serikali kwa wazee iitwayo Medicare, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1965. Mtu huistahili anapotimiza miaka 65. Mlango wake wa kwanza huwa wazi kwa miezi saba: miezi mitatu kabla ya mwezi wa kuzaliwa, mwezi wenyewe, na miezi mitatu baadaye. Aliyezaliwa mwezi Juni huwa na nafasi kuanzia Machi hadi Septemba. Akiikosa bila sababu inayokubaliwa, hungoja mlango mwingine ufunguliwao kila mwaka kuanzia Januari 1 hadi Machi 31. Tena mchango wake wa matibabu ya daktari huongezwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili aliyochelewa, na nyongeza hiyo humfuata muda wote atakaokuwa na bima hiyo. Wazee wa nchi tajiri nao huponzwa na kalenda.

Karibu zaidi, ng'ambo ya Sirari, Kenya ilianza mpango wake mpya wa Bima ya Afya ya Jamii tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kwa hali ya kaya yake, na mchango wa chini kabisa uliwekwa kuwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, unaolipwa kwa mwaka mzima mapema. Wanachama wa Tarime walio na ndugu Isebania na Kehancha wafahamu kwamba mipango hii miwili ni mbalimbali. Mzee aliyeandikwa upande mmoja asitegemee kadi hiyo kumtibu upande wa pili.

5. MILANGO ILIYO WAZI KWA MZEE

Mzee wa Tarime au Serengeti anaweza kupita katika mlango mmojawapo kati ya minne. Katibu amwulize maswali mpaka aujue ulio wake, maana kumpeleka mzee katika mlango usio wake ni kumpotezea msimu mzima.

Mlango wa kwanza ni wa mstaafu. Aliyekuwa mwalimu, mganga au mtumishi mwingine na akastaafu akiwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa ana utaratibu wake wa kuendelea kutibiwa pamoja na mwenzi wake. Mzee kama huyu asikatwe mchango wa mkulima kabla kadi yake ya zamani haijakaguliwa.

Mlango wa pili ni wa mtoto mwajiriwa. Katika Mfuko wa Taifa mtumishi aliye kazini anaweza kuandikisha wazazi wake miongoni mwa wategemezi, ilimradi wasizidi idadi iliyowekwa. Wapo wazee wenye watoto walimu au askari ambao hawajawahi kuuliza jambo hili. Hapa barua moja ya katibu kwa kijana aliye Mwanza au Dodoma yaweza kufaa kuliko michango ya miaka mitatu. Lakini nafasi za wategemezi zikijaa watoto, mzazi hana pa kuingia. Kwa hiyo swali liulizwe mapema.

Mlango wa tatu ni wa mchango, yaani bima ya kaya au ya kundi, ambayo mzee huilipia mwenyewe au hulipiwa na watoto wake. Huu ndio mlango wa wanachama wengi wa vyama vya mazao. Inafaa kuuliza ni nani anayehesabiwa kuwa wa kaya. Mzee na mkewe wanaokaa mji mmoja na mtoto wao aliyeoa mara nyingi huhesabiwa kuwa kaya yao wenyewe. Mwana akilipia kaya yake, asidhani amekwisha kumlipia baba.

Mlango wa nne ni wa msamaha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi, na msimamo wa Serikali umekuwa kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya umma. Msamaha huu haumwangukii mtu kutoka mbinguni. Jina hutambuliwa kijijini, huthibitishwa kwa afisa mtendaji na afisa ustawi wa jamii, na mzee hupewa kitambulisho. Nao una majira yake: majina hukusanywa kwa zamu, na asiyekuwapo siku ya kuandikwa hubaki nje ya orodha. Sheria ya mwaka 2023 imekusudia watu wa namna hii waingizwe katika bima kwa fedha za umma, kwa hiyo kuwa katika orodha ya kijiji kutazidi kuwa na maana.

Wanachama wa Tarime wazingatie pia kwamba wilaya yao ina halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Mzee huandikwa pale anapoishi, wala si pale chama chake kilipo. Mzee akaaye mtaa wa mjini na kuuza kahawa katika chama cha kijijini atafute jina lake mjini.

6. MFANO WA MZEE MARWA

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini katibu yeyote atautambua.

Mzee Marwa ana miaka 71. Mwaka mmoja alilipwa vizuri kahawa yake, akalipia bima yeye na mkewe tarehe 5 Septemba. Mwaka ule hawakuugua sana. Mkewe alitibiwa macho, basi. Mwaka uliofuata malipo ya kahawa yalichelewa. Tarehe 5 Septemba ilipita kimya, hakuna aliyekumbuka. Tarehe 24 Septemba Mzee Marwa alishikwa na maumivu ya tumbo, akapelekwa hospitali, na kadi ikakataliwa. Ilikuwa imekufa siku 19 zilizopita.

Wanawe waliuza ng'ombe usiku ule ule. Ng'ombe anayeuzwa kwa haraka hana bei. Mnunuzi huona machozi ya muuzaji na kushusha fedha. Mzee alipona, lakini alirudi nyumbani akiwa hana ng'ombe wa maziwa, na wajukuu wawili wakakosa ada ya muhula.

Miezi miwili baadaye katibu wa chama alimtembelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeniletea malipo ya pili?"

"Bado, mzee wangu. Nimekuja kwa ajili ya kadi."

Mzee akacheka kidogo. "Kadi ile iliniaibisha mbele ya watu. Nililipa, na sikutibiwa. Serikali imekula fedha yangu."

Katibu akafungua daftari. "Ulilipa Septemba ya mwaka jana, ikakutunza mpaka Septemba ya mwaka huu. Mama alitibiwa macho kwa kadi hiyo hiyo. Hakuna aliyekula. Mwaka wake uliisha, nasi chamani hatukukuambia."

Mzee akanyamaza kitambo. "Kwa hiyo kosa si la kadi."

"Si la kadi, mzee. Wala si lako peke yako. Sisi ndio tunaojua kuandika tarehe, na hatukuiandika."

"Basi iandike sasa," alisema mzee. "Iandike pale unapoandika kilo zangu, maana hapo huwa husahau."

Katika maneno hayo ya mwisho umo utaratibu wote ambao chama kinahitaji.

7. KAZI YA KATIBU

Kwanza, pawe na daftari la wazee. Katika kila ukurasa ziandikwe: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya uanachama, kijiji au mtaa anapoishi, mlango anaopitia, tarehe ya kulipa, tarehe ya kadi kuanza kazi na tarehe ya kwisha. Daftari hili halihitaji mashine. Linahitaji kalamu na mtu asiyechoka. Kwa kuwa lina habari za watu, lisiachwe mezani kila apitaye akalisoma.

Pili, tarehe ya kwisha ifuatwe na tarehe ya onyo. Mzee ambaye kadi yake itakwisha Septemba 5 apewe habari mwanzoni mwa Julai, na tena mwanzoni mwa Agosti. Miezi miwili yatosha mtoto aliye mbali kutuma fedha, au mbuzi kuuzwa kwa bei ya haki sokoni.

Tatu, mwaka wa kadi usogezwe ukutane na msimu wa malipo. Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote. Ikiwa kadi ya mzee hufa katika miezi ya njaa, atashindwa kuihuisha kila mwaka, hata akiwa na nia njema. Alipie mara moja wakati wa malipo ya mazao, hata kama kadi ya zamani ina miezi iliyosalia, baada ya mwandikishaji kueleza miezi hiyo itahesabiwaje. Tangu hapo kila msimu utamkuta akiwa na fedha mkononi.

Nne, makato yafanyike kwa idhini. Chama kinaweza kumsaidia mwanachama kwa kukata mchango katika malipo yake na kuupeleka panapohusika. Lakini jambo hili lipitishwe kwanza na mkutano mkuu, na kila mwanachama atie sahihi au dole gumba katika fomu inayotaja kiasi, kusudi na mwaka. Fedha ya bima isichanganywe na fedha ya pembejeo wala ya uendeshaji. Ipelekwe upesi, stakabadhi ibandikwe katika daftari, na nakala apewe mwanachama. Mzee aliyekatwa fedha isiyofika amepata hasara mbili: hana fedha, na anadhani ana bima.

Tano, hesabu ielezwe kwa kilo. Wazee wengi hawaogopi shilingi 30,000, wanaogopa wasichokijua. Katibu agawanye mchango kwa bei ya kilo moja ya msimu ule, kisha aseme, "Mzee, bima ya mwaka mzima ni kilo kadhaa za kahawa yako." Hesabu hiyo hueleweka mara moja.

8. UMRI NA HATI

Wazee wengi walizaliwa pasipokuwa na cheti. Umri wao umo katika rika walilotahiriwa nalo na katika matukio ya nchi. Katibu anaweza kuwasaidia kukadiria. Aliyekwisha kuzaliwa siku ya Uhuru, Desemba 9, 1961, amevuka miaka 60. Aliyezaliwa mwaka wa Azimio la Arusha, 1967, atatimiza 60 mwaka 2027. Aliyekwisha kuwa na watoto vijiji vilipohamishwa mwaka 1974 hana haja ya kubishaniwa.

Hata hivyo makadirio ya chama hayatoshi ofisini. Mzee awe na Kitambulisho cha Taifa, na mwaka ulioandikwa humo ulingane na ulioandikwa katika kadi ya bima na katika daftari la kijiji. Majina nayo yalingane. Mzee anayeitwa kwa jina la baba katika daftari la chama, na kwa jina la ubatizo katika kitambulisho, atarudishwa dirishani akiwa mgonjwa. Kosa la herufi hurekebishwa kwa urahisi siku ya afya. Siku ya ugonjwa huwa mlima.

9. MAMBO YA KUJIHADHARI

Mzee asilipe fedha kwa mtu asiyetoa stakabadhi. Asimwazime jirani kadi yake, kwa kuwa kadi ni ya mwenye picha, na kuazimana huua mfuko kama mchwa wauavyo nguzo ya nyumba. Aanze matibabu zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kufuata rufaa, iwe ni kwenda hospitali ya Tarime, ya Nyamwaga au ya Mugumu, na baadaye hospitali ya mkoa Musoma. Anayeruka ngazi bila barua, isipokuwa kwa dharura, hujitia katika gharama zisizo za lazima. Mwisho, familia iambiwe kadi inawekwa wapi. Kadi iliyofungiwa sandukuni kwa ufunguo ambao mgonjwa pekee ndiye anayejua ulipo haimtibu mtu.

MASWALI YA MAJADILIANO

Kikundi cha masomo kijibu maswali haya, na katibu aandike majibu katika kitabu cha kumbukumbu:

1. Chama chetu kina wanachama wangapi wenye miaka 60 na zaidi? Wangapi kati yao wana kadi iliyo hai leo?
2. Katika hesabu ya kaya 200, mfuko ungekuwaje kama kaya 100 tu zingejiunga, zikiwamo zote 20 zenye wagonjwa?
3. Malipo ya mazao hutoka mwezi gani katika chama chetu? Kadi za wazee hukoma mwezi gani? Miezi hiyo imeachana kwa kiasi gani?
4. Katika mfano wa Mzee Marwa, ni nani angeweza kuizuia hasara ile, na kwa hatua gani?
5. Ni mzee gani kijijini anayestahili msamaha lakini jina lake halimo katika orodha? Nani ataongozana naye kwa mtendaji, na siku gani?

Swali la tano lisijibiwe kwa maneno matupu. Ijibiwe kwa jina la mzee, jina la mwanachama atakayefuatana naye, na tarehe. Mkutano ufuatao uanze kwa kuuliza kama walikwenda.